Ukiugua usipotee kazini kimyakimya

Jana magharibi jirani yangu alikuja akakaa na mimi barazani, mimi nina ungo wa mbaazi nazichambua kwa ajili ya asubuhi, yeye amejishika kiuno kama kawaida yake siku hizi, mara akaniambia, "Dadangu, mimi Jumatatu siendi tena. Mgongo ushanishinda. N'takaa tu nyumbani, wakiuliza wataambiwa naumwa." Nikauweka ungo chini. Nikamwambia, dadangu usifanye hivo, nakuomba, chochote utakachofanya usipotee tu. Akaniangalia kama nimemwambia arudi akabebe magunia. Basi tukaongea mpaka adhana ya isha, na usiku sikulala vizuri, nikasema acha niandike manake wako wengi kama yeye, Mikindani hapa Mombasa, Magongo, Likoni, Kisauni kote, watu wanaumwa wanaacha kazi kimyakimya kwa aibu au kwa uchovu, halafu baada ya miezi sita ndo wanaanza kuuliza, jamani hakuna msaada wowote kwa mtu mgonjwa? Upo kidogo. Lakini karibu wote unashikilia makaratasi ya zile wiki za mwanzo, zile ambazo wewe ulikuwa umelala umegeukia ukutani.

Mimi mwenyewe yamenipata ndo maana nasema.

Nimefanya kazi miaka tisa, kuanzia 2013 mpaka mwisho wa 2022, kwenye godauni la kupaki chai. Wenyeji mwajua, chai ya Kericho, ya Uganda, ya Rwanda, yote yashuka Mombasa kuuzwa kwa mnada, halafu yachanganywa, yapakiwa upya, yaingia kwenye makontena yaenda zake. Kazi yangu ilikuwa ya mikono. Kukunja, kufunga, kubandika, kupanga, umesimama toka asubuhi mpaka jioni na vumbi la chai linaingia mpaka ndani ya leso. Sikuichukia ile kazi, ilinisomeshea watoto wawili, na ile harufu mpaka leo nikipita Shimanzi moyo hunishtuka.

Mwaka 2021 vidole vikaanza. Naamka saa kumi na moja alfajiri vimekakamaa, haviji wala haviendi, vifundo vimevimba vya mkono huu na vya mkono ule sawasawa, kushika mswaki tabu, kufunga kifungo cha mtoto tabu, na hali ile yachukua saa nzima, saa nyingine mbili, halafu polepole yaachia, ikifika mchana mtu akiniona atasema huyu ni mzima. Nikaambiwa ni baridi, nikapaka mafuta ya karafuu, nikaenda hijama, nikanunua dawa za maumivu pale dukani mpaka tumbo likaanza kuuma na lenyewe. Karibu mwaka mzima ulipita kabla daktari hajanipima damu akaniambia ni baridi yabisi, ule ugonjwa ambao kinga ya mwili yenyewe ndo yashambulia viungo, na kwamba hauponi, watulizwa tu kwa dawa. Mpaka leo nameza dawa moja ya nguvu mara moja kwa wiki, tena si kila siku, na kila baada ya muda napimwa damu kuangalia ini.

Sasa nije kwenye kosa langu. Mwezi wa tisa 2022 nilizidiwa, nikakaa nyumbani siku kumi na moja. Sikupiga simu. Sikutuma mtu. Simu nikaizima kwa sababu kila supavaiza akipiga roho inaruka, nikijiambia nikipata nafuu n'taenda nimweleze ana kwa ana. Kumbe sheria ya kazi ya Kenya, ile ya mwaka 2007, yasema kutokuwepo kazini bila ruhusa wala sababu halali ni kosa kubwa, mtu aweza kufutwa papo hapo bila notisi. Niliporudi nikakuta barua iko tayari. Miaka tisa, na barua yenyewe mistari minne.

Kilichoniokoa ni kitu kidogo sana. Siku ya tatu ya zile kumi na moja nilikuwa nimejikokota mpaka zahanati ya karibu kwa ajili ya maumivu, na yule muuguzi akaandika kwenye kijitabu changu cha kliniki tarehe, akaandika viungo vimevimba, apumzike siku tano, akapiga muhuri. Mimi hata sikukisoma. Lakini kulikuwa na mama mmoja pale kazini, mwakilishi wetu wa chama cha wafanyakazi, sote twamwita mamkubwa, yeye ndo aliyeniuliza, "Mwanangu, hukwenda popote hospitali? Hata dispensari?" Nikamtolea kile kijitabu. Akakishika kama dhahabu.

Sheria yasema hivi. Ukishafanya kazi miezi miwili mfululizo kwa mwajiri mmoja, una haki ya likizo ya ugonjwa isiyopungua siku 7 kwa mshahara kamili na siku 7 nyingine kwa nusu mshahara, katika kila miezi 12. Hicho ndo kiwango cha chini kabisa, mikataba mingine ya chama ina siku zaidi, kwa hivo uliza. Yatakiwa mambo mawili tu, umjulishe mwajiri mapema unavyoweza, na ulete karatasi ya kuthibitisha huwezi kazi, ile tunayoiita sikofu, iliyosainiwa na daktari au na mtu anayesimamia zahanati kwa niaba yake. Zahanati! Watu wanadhani lazima iwe hospitali kubwa na daktari bingwa, ndo maana hawaendi. Na kujulisha si lazima uandike barua ya kizungu, meseji ya simu yatosha kuanzia, bora ibaki, usiifute, "Supavaiza shikamoo, leo nimeshindwa kuamka viungo vimevimba, naenda zahanati, n'taleta karatasi." Maneno hayo tu. Mimi sikuyaandika na nusura yanigharimu kila kitu.

Mamkubwa akapeleka kijitabu ofisini, nikarudi kwa daktari wangu akaandika ripoti ya ugonjwa wenyewe na kwamba kazi ya vidole siku nzima sitaiweza tena, na ile barua ya kwanza ikarudishwa. Hawakunirudisha kazini, manake kweli sikuiweza tena, lakini kuachishwa kwa ugonjwa na kufutwa kwa utoro ni vitu viwili vilivyo mbali kama Mombasa na Kisumu. Ukitaka kumwachisha mtu kwa sababu mwili wake umeshindwa, kifungu cha 41 chasema lazima umweleze sababu kwa lugha anayoielewa, umsikilize, na yeye ana haki ya kuwa na mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama akae naye. Kikao chetu kilikuwa cha Kiswahili. Mamkubwa akakaa kushoto kwangu. Nililia, lakini niliongea, nikawaeleza asubuhi zangu zilivyo. Nikalipwa mwezi wa notisi, siku za likizo nilizokuwa nadai, na nikapewa cheti cha utumishi, ambacho nacho ni haki yako wala si hisani. Malipo ya sevisi, yale ya miaka uliyofanya kazi, sikupata kwa sababu nilikuwa mwanachama wa NSSF, ule mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, na sheria yasema ukiwa huko sevisi hailipwi. Hili watu wengi huja kugombana nalo bure.

NSSF sasa. Hapa pana watu wengi wanaoacha pesa zao zimelala. Wengi wajua NSSF ni ya wazee, ukifika 60, au ukishafika 50 na umeacha kazi. Mimi nilikuwa na miaka 41. Ningekaa nisubiri miaka tisa. Lakini kuna fao la kutojiweza, yaani daktari akithibitisha una ugonjwa au ulemavu wa kudumu unaokufanya usiweze tena kujipatia riziki kwa kazi, unadai pesa zako bila kusubiri umri. Sikuambiwa na mtu, niliona kwenye bango wakati nimekaa kwenye foleni Huduma Centre pale Posta, Digo Road, nimeenda kwa shughuli nyingine kabisa ya kitambulisho cha mwanangu.

Kabla hujajaza fomu yoyote toa stetimenti yako kwanza. Mimi enzi zangu makato yalikuwa shilingi 200 kutoka kwangu na 200 kutoka kwa mwajiri, yaani 400 kwa mwezi, kwa mwaka 4,800, kwa miaka tisa 43,200 kabla ya riba. Si pesa nyingi, najua, lakini kwa mtu asiye na mshahara ni kodi ya nyumba ya miezi kadhaa na dawa juu. Nilipoitazama stetimenti, miezi kumi na minne haipo. Imerukwa tu. Kwenye pesilipu zangu ile 200 imekatwa kila mwezi, huko haikufika. Nashukuru Mungu mume wangu ana tabia ya kutotupa karatasi, zile pesilipu alikuwa amezifunga kwa raba akaziweka kwenye mkebe wa biskuti juu ya kabati, tukazipeleka zote fotokopi, na ile miezi ikafuatiliwa ikalipwa. Bila pesilipu ningesema nini? Na siku hizi makato ni makubwa zaidi, toka Februari 2023 ni asilimia 6 yako na asilimia 6 ya mwajiri, kwa hivo mwezi mmoja ukirukwa ni hasara kubwa kuliko ya kwangu. Angalieni stetimenti mkiwa bado wazima jamani.

Halafu kuna hii kadi ya ulemavu. Nisikilizeni vizuri hapa manake pana maneno mengi mtaani. Kadi yatolewa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, na ili uipate lazima upimwe na jopo la madaktari kwenye hospitali ya serikali iliyoidhinishwa, kwetu sisi watu wengi huenda Coast General, Makadara kama tunavyoiita. Mtu aweza kuwa na ulemavu hata kama hatumii kiti cha magurudumu wala fimbo, magonjwa sugu yanayozidi kudhoofisha mwili pia yapimwa. Mimi hilo sikulijua, nilikuwa naona nikienda kukaa pale n'tawanyima nafasi wenye shida zaidi.

Aliyenitia moyo ni binamu yangu aliyeko Leicester, Uingereza. Yeye alikuwa analea wazee huko, akaugua na yeye akashindwa kazi, na kwa kuwa ana makaratasi yote ya kuishi kule akadai. Akanitumia sauti ndefu kwenye WhatsApp, dakika kumi na mbili nzima, ananielezea. Kule kuna malipo ya mtu asiye na kipato cha kutosha, yaitwa Universal Credit, na ukiwa mgonjwa wa kushindwa kazi wakikupima wakaridhika unaongezewa kitu juu yake. Halafu kuna nyingine mbali kabisa yaitwa PIP, ambayo haiangalii una kazi au huna, haiangalii hata una pesa, yaangalia ugonjwa wakuzuia nini. Wakupa pointi. Kupika, kuoga, kuvaa, kutembea. Upande wa shughuli za nyumbani na upande wa kutembea kila mmoja wahesabiwa peke yake, pointi 8 wapata kiwango cha kawaida, 12 cha juu. Na akanambia kitu ambacho kilinibadilisha mawazo. Alisema kule hawaulizi tu waweza kuvaa nguo au huwezi, wauliza waweza kuvaa salama, na vizuri, na tena na tena, na kwa muda wa kawaida? Kwa sababu mtu aweza kufunga vifungo mara moja kwa nusu saa huku analia, hiyo si kuweza. Na walipomnyima mara ya kwanza hakukaa kimya, una mwezi mmoja wa kuomba waangalie upya, akaomba, wakamwongeza.

Sisi huku hatuna PIP. Lakini lile swali nililichukua. Wiki mbili kabla ya kupimwa nikawa naandika kwenye daftari la mwanangu kila siku, saa ngapi nimeamka, saa ngapi vidole vimefunguka, nimeshindwa nini, nani amenisaidia. "Jumanne. Nimeamka saa kumi na moja na nusu. Nimeshindwa kufungua kifuniko cha thermosi. Binti amenivalisha sidiria. Vimeachia saa mbili kasoro." Aibu? Nilikuwa nayo, kuandika kwamba mtoto wa miaka kumi na tatu anakuvalisha nguo ya ndani si jambo jepesi. Lakini nilikuwa najua mimi mwenyewe nikiulizwa na mgeni, "Mama hujambo?", n'tajibu sijambo, alhamdulillah, nafuu ipo. Ndivo tulivolelewa. Sie watu wa pwani hatulalamiki mbele ya mgeni, tunajipanga, tunavaa buibui safi, tunajitia manukato, tunakwenda tunatabasamu, na daktari aandike nini kama si mzima? Na miadi yangu ilikuwa saa nane mchana, wakati ambao viungo vyangu ndo viko vizuri kuliko saa zote. Bila lile daftari wangeniona mimi wa saa nane. Nikawapa wakasoma, wakaniuliza maswali mazuri, wakanikunjakunja vidole, wakaandika.

Nikapata kadi. Na haina shilingi ndani yake. Nasema tena kwa sababu mtaani wanasema ukipata kadi unaanza kulipwa, hapana. Yafungua milango, vifaa vya kujisaidia, msamaha wa kodi kwa mwenye mshahara kwenye shilingi 150,000 za kwanza za kila mwezi, nafasi za kazi na zabuni, mambo hayo. Mimi sina mshahara wa kusamehewa kodi. Lakini n'nayo, na siku mambo yakibadilika sitaanza kutafuta jopo upya nikiwa mgonjwa zaidi.

Pesa za serikali zenyewe ni Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi. Ni kwa wazee wa miaka 70 na zaidi, kwa nyumba zinazolea mayatima na watoto walio hatarini, na kwa wenye ulemavu mkubwa, na wakisema mkubwa wana maana ya mtu anayehitaji kuangaliwa usiku na mchana na mwingine. Nilienda kwa chifu, nikaandika jina, nikaelezwa kwa heshima kwamba mimi sifiki hapo. Na kweli sifiki. Niko katikati. Mzima siwezi kuwa na mgonjwa wa kutosha sijawa. Mamangu ana miaka 73, yeye anapata, na kuna miezi ile elfu mbili ya mamangu ndo imeninunulia dawa mimi, mama mzee anamlisha mtoto wa miaka arobaini na kitu, nikifikiria hilo machozi hunilenga.

Katiba yetu ya 2010, ibara ya 43, yasema kila mtu ana haki ya hifadhi ya jamii, na kwamba serikali itawapa hifadhi wale wasioweza kujikimu wao na wanaowategemea. Nimeisoma kwa macho yangu, tena kwa Kiswahili. Haikusema wazee peke yao. Haikusema mpaka uwe huwezi kugeuka kitandani. Mfanyakazi aliyeugua akiwa na miaka 41, ambaye siku kumi na nne za sikofu zimeisha, na NSSF yake ni elfu arobaini, huyo anaangukia kwenye shimo ambalo hakuna anayelizungumzia, na naamini kabisa siku moja litazibwa lakini halitazibwa na sisi tukinyamaza majumbani. Wabunge wetu wakija barazani tuwaulize hilo, siyo barabara peke yake.

Kuhusu hospitali kidogo tu, manake hapa pia watu hukwama. Ukiacha kazi makato ya bima ya afya ya serikali yanakatika na mwajiri hakuambii. Enzi zangu ilikuwa NHIF, nikawa nalipa 500 kwa mwezi mwenyewe. Toka tarehe 1 Oktoba 2024 ni SHA, aliyeajiriwa akatwa asilimia 2.75 ya mshahara, na sisi tusio na ajira twaulizwa maswali ya nyumba na mali, twapangiwa kiwango, chini kabisa ni 300 kwa mwezi, lakini yatakiwa ulipe ya mwaka mzima kwa pamoja, yaani 3,600 si chini ya hapo. Kama unaona mwili waanza kukushinda, ianze hiyo pesa kwenye chama cha kina mama au popote pale. Usije ukalazwa bima imekatika.

Sasa nimrudie jirani yangu. Nilipomwuliza vizuri jana mgongo ulianzaje, akasema, "Si nilianguka." Ulianguka wapi? "Pale pale godauni, gunia lilikuwa begani nikateleza kwenye ngazi ya lori." Lini? Miezi minne sasa. Nani alikuona? Watu watatu. Uliandikwa popote? Supavaiza alimpa vidonge viwili na soda, akakaa kivulini, kesho yake akarudi kubeba.

Nikamwambia dadangu, huo si mgongo wa kuumwa tu, hiyo ni ajali ya kazini, na ajali ya kazini ina sheria yake, ile ya fidia ya mwaka 2007 ambayo watu huiita WIBA. Kila mwajiri yatakiwa awe na bima yake. Akijulishwa ajali ana siku 7 za kuripoti kwa mkurugenzi wa usalama na afya kazini. Matibabu ni juu yake. Ukishindwa kazi siku tatu au zaidi kwa sababu ya ile ajali unastahili malipo ya kila kipindi badala ya mshahara wako, hadi miezi 12, na ikiwa ulemavu umebaki unapimwa kwa asilimia, asilimia mia kamili ni mapato ya miezi 96. Na dai lapelekwa ndani ya miezi 12 toka siku ya ajali. Miezi minne ishakwenda. Minane imebaki.

Akasema lakini mimi ni kibarua tu, silipwi kwa mwezi, sina hata barua. Hili nalisikia kila siku na laniuma kwa sababu ndivo wanavoambiwa. Kibarua ni mfanyakazi. Na sheria ya kazi kifungu cha 37 yasema kibarua akifanya kazi siku mfululizo zisizopungua mwezi mmoja, kazi yake yahesabiwa kuwa ya mwezi hata kama analipwa kila jioni, na akipitisha miezi miwili hivo apata haki zile zile, pamoja na likizo ya ugonjwa. Yeye ana miaka mitatu. Hana barua lakini ana meseji za M-Pesa za malipo ya kila wiki kwenye simu yake, ana kitambulisho cha getini chenye picha yake, ana wale watu watatu. Nikamwambia usibadilishe simu, usifute meseji hata moja, na usiache kwenda kazini Jumatatu bila karatasi mkononi, manake ukipotea wiki mbili watasema alitoroka, na mgongo wako utakuwa umeumia nyumbani kwako ukifua nguo.

Anaogopa. Aogopa wenzake watafutwa wakimtolea ushahidi, aogopa ataitwa mchochezi, aogopa gharama. Sikumwambia asiogope, mimi niliogopa pia na bado nikiingia ofisi yoyote mikono yanilowa jasho. Nilimwambia tu ofisi ya leba haitozi pesa kusikiliza malalamiko, na Kituo cha Sheria wana ofisi hapa Mombasa wanasaidia watu wasio na uwezo wa wakili, na kesi za kazi zina mahakama yake hapa hapa, hakuna haja ya kupanda basi kwenda Nairobi.

Usiku huu amenitumia picha ya kijitabu kipya cha kliniki, amekinunua, ameandika jina lake juu kwa kalamu nyekundu. Kesho kwanza twaenda zahanati aandikiwe, amweleze daktari kuhusu ile ngazi ya lori na tarehe yake, halafu amtumie supavaiza meseji mimi nikiwa nimekaa pembeni yake, halafu twateremka mjini ofisi ya leba. Nimemwambia tukutane steji saa tatu, siyo mapema zaidi, manake kabla ya hapo vidole vyangu havijafunguka na siwezi kushika chuma cha matatu.